Bomba la Moshi

Mjomba wangu alikuwa dereva tangu ujana wake hata uzeeni, na katika umri huo wote hakumiliki gari ila moja tu. Gari hilo ni Mercedes-Benz 230E, la rangi ya samawati iliyokoza, lililoundwa mwaka 1991. Kwa miaka 12 aliliendesha akiwa mtumishi wa hoteli moja ya pwani ya kaskazini ya Mombasa, akiwachukua wageni kutoka uwanja wa ndege na kuwarudisha. Hoteli ilipouza magari yake ya zamani mwaka 2003, alilinunua kwa akiba yake yote. Watu walimcheka. Walisema kwamba dereva anayenunua gari la tajiri ni kama mpishi anayejinunulia sufuria ya arusi. Yeye hakuwajibu. Aliliosha kila Ijumaa asubuhi, akalipaka nta, na jioni akaketi barazani akilitazama kama mtu atazamaye bahari.

Alipoona macho yake yanafifia, mwaka 2019, alinipa ufunguo mbele ya mama yangu. Hakunipa wasia mrefu. Alisema, "Mjomba, gari la heshima hubisha hodi, halivunji mlango." Wakati ule nilidhani kwamba alikuwa akinionya nisiliendeshe kwa kasi. Miaka mitatu ilipita kabla sijafahamu maana yake, na jambo lililonifahamisha lilikuwa dogo na la aibu kidogo. Ndilo nitakalo kulisimulia hapa.

Msomaji asiyeyajua magari hana budi kuelezwa kwamba gari hili ni la muundo uitwao W124, uliotokea mwaka 1984. Sifa yake kubwa haikuwa wingi wa mapambo bali utulivu. Mlango wake ukifungwa hutoa sauti nzito na fupi, mfano wa kitabu kikubwa kinachofunikwa. Ukiketi ndani na injini ikawa inazunguka taratibu mbele ya taa za barabarani, waweza kusahau kwamba imewashwa. Watu waliolinunua likiwa jipya walilipa fedha nyingi, na sehemu kubwa ya fedha hizo walilipia kitu kisichoonekana wala kushikika, nacho ni ukimya.

Mwezi wa Mei mwaka 2022, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku kucha, niliwasha gari niende shuleni, likanguruma kama lori la mchanga. Niliinama nikatazama chini. Bomba la moshi, mahali linapoungana na sailensa ya nyuma, lilikuwa limeliwa na kutu hata likatoboka, na sailensa yenyewe ilining'inia kwa mpira mmoja. Niliifunga kwa waya, nikaenda kazini hivyo hivyo, nikijiambia kwamba nitalishughulikia mwisho wa juma.

Sasa sharti nikiri jambo ambalo mwalimu hapendi kulikiri. Kelele ile ilinipendeza. Siku ya kwanza niliona haya. Siku ya pili niliizoea. Siku ya tatu nilikanyaga mafuta pasipokuwa na haja ili niisikie zaidi. Wavulana waliokuwa langoni mwa shule waliinua mikono na kushangilia nilipoingia. Nilikuwa na umri wa miaka 34, na sikumbuki kama niliwahi kushangiliwa tangu siku niliyohitimu chuo cha ualimu. Nililiona gari kuwa limepata nguvu mpya, na mimi mwenyewe kuwa nimepunguziwa miaka. Hata jirani yetu mmoja, mama wa makamo ambaye ni muuguzi, aliniambia nilipompita mlangoni pake, "Mwalimu, siku hizi twakusikia." Nikacheka, nikamshukuru. Nilidhani ni sifa.

Jumamosi nililipeleka gari kwa fundi. Fundi huyu ana karakana chini ya mwarobaini, na kazi yake ni mabomba ya moshi tu: huyapinda, huyachomelea, huyaning'iniza. Aliingia chini ya gari, akatoka na vipande vya kutu mkononi, vyepesi kama maganda ya vitunguu. Akaniambia kwamba njia ni tatu. Njia ya kwanza ni kuagiza vipande halisi vya kiwanda, na bei yake ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi. Ya pili ni kununua vipande vya kuigiza, vilivyofanywa na kiwanda kingine kwa umbo na kipimo kile kile, na bei yake ilikuwa kama nusu ya ile ya kwanza. Ya tatu ni bomba la spoti.

Hapo uso wake ulichangamka. Alinionyesha kwa mkono bomba pana la chuma kisichoshika kutu, limeng'arishwa hata likaakisi majani ya mwarobaini, na mdomo wake wa mviringo ulienea ngumi ya mtu mzima. Bei yake ilikuwa chini ya zote, maana angelichomelea yeye mwenyewe na kuiacha sailensa ya nyuma kabisa. Alisema, "Mwalimu, bomba hili litakuzika. Halitaoza. Tena gari litaongezeka nguvu za farasi 20, na sauti yake itakuwa hii hii uliyokuja nayo, ila iliyotengenezwa."

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Lakini fundi, ambaye ni mtu mwaminifu katika kazi yake, aliniuliza swali moja: "Watoto wako huketi wapi?" Nikamwambia kwamba huketi nyuma. Akanishika mkono, akanionyesha tundu. Lilikuwa chini ya kiti cha nyuma. "Usiwapakie tena mpaka bomba lizibwe," akasema. "Moshi huu huingia ndani, na mwingine hauna harufu."

Nilijua alilolisema, maana nalifundisha darasani. Katika moshi wa petroli mna hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu isiweze kuuchukulia mwili pumzi yake. Mtu aivutaye huumwa kichwa, husinzia, na ikizidi hufa bila kushtuka. Nilikumbuka kwamba Alhamisi mwanangu mdogo alilalamika kuumwa na kichwa tulipokuwa tukirudi nyumbani, nami nikamwambia kwamba ni jua. Mpaka leo sijui kama lilikuwa jua au ulikuwa moshi. Ninalolijua ni kwamba siku ile nilikuwa nikisikiliza sauti ya gari, sikumsikiliza mtoto.

Nililiacha gari pale chini ya mwarobaini, nikamwambia fundi kwamba nitampa jibu baada ya juma moja.

Katika juma lile nilifanya kama nifanyavyo kila ninapotatizwa na jambo: nilijifunza. Nilitaka kujua bomba la moshi hufanya kazi gani, maana si haki kukiondoa kitu usichokijua kazi yake.

Injini ya gari hili ina silinda nne, na kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, hupata milipuko 100 katika kila sekunde moja. Kila mlipuko hutoa pumzi ya moto yenye shinikizo kubwa, na lau pumzi hizo zingeachwa zitoke moja kwa moja, barabara isingekalika. Ndiyo maana mapema sana, magari yangali machache duniani, watu walianza kutafuta namna ya kuzinyamazisha. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, wa mji wa Columbus katika jimbo la Indiana, walipewa hataza ya chombo cha kunyamazisha injini mwaka 1897.

Sailensa haiizibi sauti, kama wengi wadhanivyo. Ndani yake mna vyumba na mirija iliyotobolewa matundu madogo. Mawimbi ya sauti yaingiapo hugonga kuta, hurudi, hukutana na mawimbi yanayokuja nyuma yake, na yale ya kupanda yakikutana na yale ya kushuka huuana. Sauti inayosalia hupita katika nyuzi zilizosokotwa kama pamba, ikageuka joto kidogo, ikakoma. Jambo hili lilinistaajabisha. Nililiendesha gari lile miaka mitatu, na kila siku chini ya miguu yangu palikuwa na kazi ya mtu nisiyemjua, aliyepima vyumba na kuhesabu matundu ili mimi nipite mtaani bila kumshtua mtoto wa mtu.

Nilijifunza pia sababu ya kuoza kwa bomba langu. Kutu ya nje ililetwa na hewa ya chumvi, ambayo kwetu Mombasa haiachi chuma. Walakini kutu iliyolitoboa ilitoka ndani. Petroli ikiungua huzaa maji, na lita moja ya petroli huzaa maji yanayokaribia lita moja. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke, na bomba likiwa la moto mvuke hupita ukaenda zake. Bomba likiwa la baridi mvuke hugeuka maji tena, maji hutuama katika sailensa ya nyuma, nayo huila taratibu. Shule yangu ni mwendo wa kilomita tatu kutoka nyumbani. Kila siku nililizima gari kabla bomba halijapata joto la kutosha kukauka. Mjomba alikuwa na desturi ya kwenda Malindi mara moja kila mwezi, safari ya kilomita 120 hivi, na kurudi siku ile ile. Nilidhani kwamba alikwenda kutembea tu. Sasa nilijua kwamba alikuwa pia akilikausha bomba lake.

Na hizo nguvu za farasi 20 je? Gari hili lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 136. Ni kweli kwamba bomba likiwa jembamba mno huirudishia injini pumzi zake na kuichosha, na kwamba magari ya mashindano hupewa mabomba mapana. Lakini waliounda gari hili walilijua jambo hilo, wakampa kila mmoja haki yake: injini ikapata nafasi ya kupumua, na majirani wakapata kimya. Katika injini ya namna hii, isiyosukumiwa hewa kwa turbo, faida ya kubadili kipande cha nyuma peke yake ni ndogo mno. Kinachoongezeka ni sauti, na sikio huiambia akili kwamba kasi imeongezeka. Nilipokuwa na bomba bovu nilipima kwa saa muda ambao gari lilihitaji kutoka mwendo wa kilomita 40 hata 80 kwa saa, katika barabara iliyonyooka na tupu. Nilipima tena mahali pale pale baada ya matengenezo. Sikupata tofauti yoyote ya kutajika. Na kwa siku zile chache ningekula yamini kwamba gari lilikuwa likiruka.

Hata hivyo elimu peke yake haikunikata shauri. Bomba la spoti lilikuwa na hoja zake, na haifai kuzificha. Lilikuwa la bei nafuu, nami nilikuwa na karo ya mdogo wangu ya kulipa. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, na kwa mtu wa safari fupi hiyo si hoja ndogo. Tena mtu ana haki ya kufurahia chake. Sioni dhambi katika kupenda sauti ya injini: wako wanaopenda ngoma, wako wanaopenda zumari, na injini nzuri ina muziki wake. Nilizipima hoja hizi usiku, nikaona kwamba mizani inalemea upande wa spoti.

Kwa kuwa sikuwa na gari, nilikwenda shuleni kwa bodaboda. Siku ya Jumatano aliyenichukua alikuwa kijana niliyemfundisha zamani darasa la saba. Aliniuliza, "Mwalimu, gari limeharibika?" Nikamjibu kwamba ni bomba la moshi. Akasema, "Nililisikia. Nilidhani umelifanya spoti."

Tulikwenda kitambo bila kusema. Halafu akaniuliza kama nakumbuka neno nililomwambia miaka miwili nyuma. Nililikumbuka vyema, na nilikuwa nikiomba asilitaje. Wakati ule alikuwa ameitoa sailensa ya pikipiki yake, na kila alipopita karibu na shule darasa zima lilinyamaza kumngoja apite. Siku moja nilimfuata kituoni kwao, nikamkemea mbele ya wenziwe. Nilimwambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba mtu mwenye thamani hahitaji kutangazwa na bomba.

"Wenzangu walinicheka sana," akasema. "Lakini niliirudisha. Nilipoteza kazi ya siku mbili na fedha za fundi. Niliirudisha kwa sababu ni wewe uliyesema."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakunilaumu wala hakunisuta; alitaja tu jambo lililotokea. Nilishuka langoni, nikamlipa nauli, naye akaondoka. Nilisimama pale nikaisikiliza pikipiki yake ikienda. Ilikuwa na sauti ndogo, ya kawaida, na kabla haijafika kwenye kona sikuisikia tena.

Siku hiyo niliona jambo ambalo sikupenda kuliona. Kelele ya pikipiki ya kijana maskini nimeiita uhuni. Kelele ya Mercedes-Benz yangu nimeiita muziki. Mawimbi ya sauti hayajui bei ya chombo yalikotoka. Yakimwamsha mgonjwa, hayamwambii kwanza kwamba yametoka katika gari la fahari ili asikasirike. Nikaona kwamba ningefunga bomba lile, neno nililomwambia kijana mbele ya wenziwe lingekuwa uongo, na yeye peke yake ndiye angekuwa amelipa gharama ya kuliamini.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba watoto, na yule mama muuguzi alikwambia nini?" Nikamwambia, "Alinisifu. Alisema kwamba siku hizi wanisikia." Mke wangu aliinamisha uso ili asicheke. "Mama yule hufanya kazi ya usiku," akasema. "Hurudi alfajiri, na wakati unapowasha gari ndipo anapopata usingizi. Neno lile halikuwa sifa. Alikuwa anakuomba."

Mimi ni mtu wa pwani, nimezaliwa katika lugha hii, na nilipaswa kufahamu. Kwetu mtu wa adabu hamwambii jirani yake, "Wanisumbua." Humwambia, "Twakusikia," akamwachia kazi ya kufahamu. Mama yule alitumia sailensa yake, nami sikuwa na masikio ya kuisikia sauti ndogo.

Kipimo cha sauti ni desibeli, na hesabu yake si ya kujumlisha kama tuhesabuvyo machungwa. Desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti huwa imezidi mara 10, na sikio la mtu huiona kuwa imezidi kama mara mbili. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa nchi za Ulaya kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40, kwa kuwa kelele za usiku, hata zisipomwamsha mtu kabisa, huuvuruga usingizi wake na kuuchosha moyo wake. Nchi yetu nayo ina sheria zake. Kanuni za barabarani zinataka gari liwe na sailensa, na mwaka 2009 zilitungwa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999. Lakini nasema kweli kwamba si sheria iliyonikata shauri. Sheria haikuwa imenikamata. Aliyenikamata ni mama mmoja aliyechoka, na neno lake moja la upole.

Jumamosi nilirudi karakana. Palikuwa na gari jingine juu ya magogo, jipya kuliko langu, na mwenyewe alikuwa akitaka kukatiwa chombo cha kusafisha moshi, kile ambacho ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Chombo hicho huigeuza sehemu kubwa ya ile kaboni monoksaidi kuwa hewa isiyo sumu ya namna ile. Mwenye gari alisema kwamba kina bei nzuri kikiuzwa. Gari langu halikuwa nacho tangu asili. Lililetwa katika siku ambazo petroli ya kwetu ilitiwa risasi, ambayo hukiharibu chombo hicho, na petroli ya namna hiyo ilikoma kuuzwa hapa hata mwanzo wa mwaka 2006. Nilisimama nikawaza: huyu anacho na anakiuza, mimi sinacho, na sailensa niliyoachiwa nilikuwa karibu kuitupa. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimekwisha kuona hatari ya kumkemea mtu kabla ya kujitazama.

Nilimwambia fundi kwamba nimechagua njia ya pili, vipande vya kuigiza vya kipimo kile kile, na kwamba nitamlipa kwa miezi miwili. Alilitazama bomba lake linalong'aa, akasikitika kwa ajili yangu, kisha akakubali. Kazi ilichukua nusu ya siku. Alibadili mipira yote ya kuning'inizia, akachomelea viungo, akapaka rangi ya kuzuia joto. Mwisho alinitaka niliwashe gari. Nililiwasha. Fundi aliweka mkono wake nyuma ya bomba ili ahakikishe kwamba moshi unatoka, maana kwa sikio haikuwa rahisi kujua.

Nisiwadanganye wasomaji wangu vijana kwamba nilirudi nyumbani nikiwa na furaha tele. Nilirudi na majuto kidogo. Wavulana langoni siku ya Jumatatu hawakuinua mikono. Walisogea tu, wakanipisha, wakanisalimu kwa sauti ya kawaida. Sauti ile ya wiki moja bado huikumbuka, na wakati mwingine, nikipita mahali peupe, huitamani. Kuacha jambo kwa ajili ya watu wengine hakuondoi kulipenda. Ila nimejifunza kwamba furaha ya mtu mmoja, ikiwa gharama yake hulipwa na usingizi wa mwingine, si furaha ya bei nafuu, hata kama fundi ameiuza chini ya zote. Ninyi mtakaomiliki vyombo vikubwa kuliko changu, kumbukeni kwamba heshima ya chombo haimo katika umbali inakofika sauti yake. Mtu huheshimiwa kwa vile anavyopita karibu na waliolala.

Siku hizi nalipeleka gari Malindi mara moja kila mwezi, kama alivyofanya mjomba, ili bomba lipate kukauka. Huwapakia watoto nyuma, nao hulala njia nzima.

Juma la pili baada ya matengenezo nilikutana na mama muuguzi mlangoni pake, ametoka kazini, kanga begani na viatu mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu." Halafu akanitazama kidogo, akaniuliza, "Je, ulisafiri? Siku hizi hatukusikii."

Nikamjibu, "Nipo, mama. Nipo."

Akatabasamu, akaingia ndani kulala.